UZI: Gemu jamu ya saa 48 kwa timu ya watu watatu. Mgawanyo wa saa, faili, na mahali gemu zinapofia

#1 NahodhaWaNukta

Wakuu,

Uzi huu ni wa wanaoingia gemu jamu (tukio la kutengeneza gemu ndani ya muda mfupi kwa mada inayotangazwa mwanzoni, na mara nyingi gemu hupigiwa kura baadaye) wakiwa timu ndogo, watu watatu au wanne, na wanataka kumaliza. Kumaliza maana yake gemu inafunguka kwenye kivinjari cha mtu asiyewajua, inaanza, inaisha, na inaweza kurudiwa bila kufunga ukurasa. Gemu nyingi za jamu hazikosi wazo zuri. Zinakufa saa tatu za mwisho, timu inapotoa toleo la kivinjari kwa mara ya kwanza na kukuta skrini nyeusi.

Ndiyo maana kanuni yangu ni moja, na mengine yote yanaizunguka: toleo la kivinjari lipande itch.io, tovuti ya kuweka gemu, ndani ya saa nne za mwanzo, hata kama ndani yake kuna mraba mweupe unaokwenda kushoto na kulia. Kuanzia hapo gemu "ipo" tayari, mnaendelea kuipamba.

Someni kwanza sheria za jamu mnayoingia, maana hazifanani. Ludum Dare ina milango miwili: Compo ni saa 48, mtu mmoja, kila kitu kitengenezwe ndani ya muda huo na msimbo uwekwe wazi, Jam ni saa 72 na timu zinaruhusiwa. Global Game Jam, iliyoanza 2009, hufanyika mwishoni mwa Januari. GMTK ilipanuliwa hadi saa 96 mwaka 2024. Hesabu zangu hapa ni za saa 48. Mwenye saa zaidi asiongeze vipengele, aongeze usingizi na majaribio. Na saa ninazotaja zinahesabiwa tangu mada itangazwe, si saa za ukutani.

Kabla ya mada. Kila mmoja aweke injini (programu ya kutengenezea gemu, kama Godot au Unity) ya toleo lile lile, hadi tarakimu ya mwisho. Godot 4.3 na 4.4 zikichanganywa kwenye mradi mmoja, mwenye toleo jipya anabadilisha faili za wenzake kimyakimya. Pakueni pia violezo vya kutolea gemu vinavyolingana na toleo hilo; ni mamia ya megabaiti, na hakuna anayetaka kuvisubiri saa ya 46. Fungueni hazina ya Git, yaani mahali pa pamoja pa kutunza faili za mradi na historia yake, kila mtu apandishe faili moja ya majaribio na avute za wenzake. Asiyeweza kupandisha leo hataweza kesho akiwa na usingizi.

Saa 0–2. Kila mtu aandike mawazo peke yake dakika kumi, halafu mnaweka mezani. Wazo la kwanza lililowajia wote litupeni, limewajia na washiriki wengine wote. Linalobaki liandikwe kwa sentensi moja yenye kitenzi kimoja: mchezaji *anavuta* vitu ili afike, lakini kila anachovuta kinabomoa njia. Mkihitaji vitenzi vitatu kulieleza, hizo ni gemu tatu.

Saa 2–6. Miraba mitupu, hakuna mchoro. Saa ya 4, toleo la kivinjari linapanda kama rasimu na kila mtu analifungua kwenye kifaa chake. Saa ya 6 mnaulizana kama kuvuta miraba kuna raha. Kama hakuna, badilisheni kitenzi sasa hivi. Baada ya saa ya 10 hakibadiliki tena.

Saa 6–24. Mzunguko mzima: skrini ya kuanza, leveli moja, kushindwa, kushinda, kuanza upya. Kuanza upya kuwe kwa kitufe kimoja na kuchukue chini ya sekunde moja.

Saa 24. Orodha ya vipengele inafungwa. Kisichoanza kufikia hapo hakipo.

Saa 24–44. Leveli, michoro halisi, sauti, na mtu wa nje kucheza mkiwa mmekaa kimya. Kimya kweli: mkimweleza kitu hata kimoja, jaribio limeharibika, kwa sababu mpiga kura hatakuwa na nyinyi pembeni. Andikeni sehemu aliyokwama. Na mpunguze ugumu. Gemu ya jamu karibu kila mara ni ngumu mno kwa mgeni, kwa kuwa walioitengeneza wameshaicheza mara mia.

Saa 44–48. Msimbo umefungwa. Ukurasa, picha ya jalada ya 630×500, picha za skrini tatu, maelezo ya vitufe. Hitilafu inayozima gemu inatibiwa. Inayochekesha tu inaachwa.

Usiku mbili, usingizi wa saa sita kila usiku. Hilo halina mjadala.

---

#2 kodi_na_karanga

Safi sana. Swali: sisi ni wanaprogramu wawili na mchoraji mmoja. Tunagawanaje bila kukanyagana? Na Godot kwa C# inafaa?

---

#3 NahodhaWaNukta

Mmoja achukue mchezaji na kila kinachogusana naye: mwendo, migongano, adui. Mwingine achukue ganda: menyu, kubadilisha leveli, kuanza upya, kucheza sauti, na toleo la kivinjari tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Kazi ya ganda inadharauliwa, lakini ndiyo inayotenganisha gemu na jaribio. Mchoraji akimaliza spraiti (picha za wahusika na vitu) anahamia kupanga leveli. Mfundisheni kihariri mapema.

C# acha kwa jamu ya kivinjari. Godot 4 haina njia rasmi na thabiti ya kutoa mradi wa C# kwenye kivinjari, na timu huligundua hilo saa ya 40. Tumieni GDScript, lugha ya Godot yenyewe.

---

#4 Mlinzi_wa_Tawi

Naongezea upande wa Git, kwa sababu hapo ndipo saa nyingi zinapotelea.

Faili za onyesho (scene) za Godot, zile za .tscn, ni maandishi ya kawaida, kwa hiyo watu hudhani Git itaziunganisha vizuri. Wawili wakihariri onyesho moja, Git inachanganya namba za vitambulisho na onyesho halifunguki tena. Dawa ni mpangilio: mchezaji onyesho lake, adui lake, mlango lake, kila leveli lake. `kuu.tscn` ina mwenyewe mmoja tu. Mwingine akitaka kitu humo, anamwomba.

Kabla ya kupandisha: `git pull --rebase`, yaani unavuta kazi iliyo kwenye seva na yako inapangwa juu yake. Kazi ipande kila saa moja au kila kitu kidogo kinapokamilika. Mgongano ukitokea kwenye .tscn msiunganishe kwa mkono; chagueni upande mmoja mzima, aliyepoteza arudie mabadiliko yake. Hapa kuna mtego: mkiwa katikati ya rebase, `--ours` ni kazi iliyokuwa tayari kwenye seva na `--theirs` ni kazi yako mwenyewe. Ni kinyume cha inavyotarajiwa. Wengi wamefuta kazi yao kwa mkono wao hapo.

Folda ya `.godot/` isipande. Kwa Unity, `Library/` isipande, lakini faili za `.meta` LAZIMA zipande, zote. Zikikosekana, kila kompyuta inatunga vitambulisho vyake na mwenzako anafungua mradi akakuta picha zote zimepotea kwenye vitu vyake. GitHub inakataa faili inayozidi MB 100, kwa hiyo video na miradi mizito ya muziki ikae kwingine, ipande sauti iliyokamilika tu.

Mwisho, wekeni alama kila gemu inapokuwa nzima: `git tag saa24`, `git tag saa36`. Mkiharibu, mnajua pa kurudi.

---

#5 Asha_Nukta16

Wachoraji msikilize hili kabla ya kufungua Aseprite au Piskel, programu za kuchora kwa pikseli.

Amueni ukubwa wa skrini saa ya kwanza na msiuguse tena. Kwa michoro ya pikseli, 320×180 ni chaguo salama: mara 3 inakuwa 960×540, mara 4 ni 1280×720, mara 6 ni 1920×1080, zote bila desimali. Kwenye ukurasa wa itch wekeni 960×540. Ukubwa wa 1280×720 unamlazimisha mwenye laptopu ndogo kusogeza ukurasa ndipo aone sehemu ya chini ya gemu.

Vigae (vipande vya mraba vinavyojenga leveli) vya 16×16 vinaingia 20 kwa upana, lakini kwa urefu ni 11 na pikseli 4 zinabaki. Leveli ya skrini moja ikipangwa kwa safu 11 itaacha mstari mtupu. Chora safu ya 12 ikatwe na ukingo wa chini, au weka upau wa alama hapo juu ufunike.

Kwenye Godot badilisheni "Default Texture Filter" iwe Nearest, la sivyo kila pikseli itaonekana kama imelowa. Mistari myembamba inayotokea na kupotea kati ya vigae kamera ikisogea inatokana na kamera kusimama kwenye nafasi ya desimali. Washeni kubana kwenye pikseli nzima. Ikibaki, ongezeni kila kigae ukingo wa pikseli moja ya rangi yake mwenyewe.

Michoro ya mhusika, msizidishe: kusimama 2, kutembea 4, kuruka 1, kuanguka 1. Jumla nane, kwa kasi ya fremu 8 hadi 10 kwa sekunde. Mhusika wa michoro nane anayebonyea kidogo akitua anaonekana hai kuliko wa michoro thelathini anayetua kama jiwe. Kubonyea huko ni msimbo tu: upana 1.2, urefu 0.8, irudi 1 ndani ya sekunde 0.1.

Rangi: paleti moja ya rangi 8 hadi 16, kila mtu aitumie hiyo hiyo hata kwenye menyu. Mchezaji na vitu vya hatari wapate rangi ambazo mandhari haizitumii kabisa.

Majina ya faili: herufi ndogo, bila nafasi. `mchezaji_tembea.png`. Windows haitofautishi `Adui.png` na `adui.png`, kwa hiyo kwenye kompyuta yako kila kitu kinafanya kazi, ukipandisha kwenye kivinjari picha haipatikani. Hitilafu hii inakula saa nzima kwa sababu mwanaprogramu anaitafuta kwenye msimbo.

---

#6 mgeni_wa_mraba

Samahani wakuu, ni mgeni. Mhusika wetu kwenye Godot anasogea kwa shida mno, kama ana minyororo. Nimeandika `velocity.x = mwelekeo * 120 * delta` halafu `move_and_slide()`. Kosa liko wapi?

---

#7 kodi_na_karanga

Toa `* delta` hapo.

---

#8 Babu_Fremu

Majibu ya neno moja hayamsaidii mgeni, kwa hiyo nieleze kwa nini.

`move_and_slide()` inapokea kasi kwa pikseli kwa sekunde, na yenyewe ndiyo inayozidisha kwa delta, yaani muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Wewe umezidisha tena. Kwa fremu 60 kwa sekunde, delta ni takriban 0.0167, kwa hiyo 120 yako imekuwa 2: pikseli mbili kwa sekunde. Lakini usiitoe delta kila mahali. Uvutano ni mchapuko, unaongeza kasi kidogo kidogo kila fremu, kwa hiyo `velocity.y += uvutano * delta` ni sahihi na ibaki.

Ukiwa hapo hapo, usikisie namba za kuruka. Amua urefu wa mruko na muda wa kufika kileleni. Tuseme unataka vigae vitatu vya 16, yaani pikseli 48, kwa sekunde 0.35. Uvutano ni mara mbili ya urefu kugawa kwa muda wa kipeo cha pili: 96 ÷ 0.1225, takriban 784. Kasi ya kuruka ni mara mbili ya urefu kugawa kwa muda: 96 ÷ 0.35, takriban 274, na uiweke hasi kwa kuwa kwenye Godot y inaongezeka kwenda chini. Sasa mpanga leveli anajua kwa uhakika kwamba ukuta wa vigae vitatu ndio mwisho wa uwezo, na anaweka wa viwili na nusu.

Ongeza vitu vitatu vidogo ambavyo mchezaji havioni ila anavihisi. Aruhusiwe kuruka hadi sekunde 0.1 baada ya kutoka ukingoni. Kitufe cha kuruka kikibonyezwa sekunde 0.1 kabla ya kutua kikumbukwe. Na akiachia kitufe akiwa bado anapanda, kasi ya kupanda ikatwe nusu. Vyote ni mistari isiyozidi kumi na mitano, na vinafuta malalamiko ya "vitufe havisikii".

---

#9 mgeni_wa_mraba

Imekubali! Asante Babu.

---

#10 Zumari

Upande wa sauti hakuna aliyegusa, kama kawaida sauti inakumbukwa saa ya 45 😄

Kwa athari za sauti tumieni jsfxr, inafunguka kwenye kivinjari. Chimbuko lake ni sfxr, ambayo DrPetter aliitengeneza mwaka 2007 kwa ajili ya washiriki wa Ludum Dare, kwa hiyo ni chombo kilichozaliwa kwenye jamu. Sauti nane zinatosha: kuruka, kutua, kuokota, kuumia, kufa, kushinda, kitufe cha menyu, na moja ya kitenzi chenu kikuu. Hiyo ya mwisho ipewe muda kuliko zote, itasikika mara mia tano. Inayojirudia, kama nyayo, ichezwe kwa mwinuko wa sauti (pitch) wa bahati nasibu kati ya 0.9 na 1.1, vinginevyo inachosha sikio ndani ya dakika moja.

Muziki: mapigo 120 kwa dakika, vipimo 16 vya mapigo manne, ni sekunde 32 kamili. Utoeni kwa OGG. MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni mwa faili, kwa hiyo kila wimbo unaporudi unasikia kama umejikwaa. Ushusheni dB 6 hadi 10 chini ya athari.

Vivinjari havichezi sauti mpaka mtu abonyeze kitu. Gemu ikianza moja kwa moja bila skrini ya "bonyeza kuanza", muziki hautoki, na mtu anadhani gemu haina sauti. Na kwa Godot 4.3 kwenda mbele, sauti za toleo la kivinjari huchezwa kwa njia nyepesi isiyopitisha athari kama mwangwi. Mkitegemea mwangwi, uchomeni ndani ya faili yenyewe.

Leseni: CC0 tumieni mtakavyo, CC BY lazima mtaje mwenye kazi, zenye NC ziwekeni pembeni kama mnawaza kuuza gemu baadaye. Faili ya `vyanzo.txt` ianze saa ya kwanza. Hakuna anayekumbuka saa ya 47 mlio ule ulitoka wapi.

---

#11 kodi_na_karanga

Tumepandisha rasimu itch, skrini inatoa ujumbe kuhusu SharedArrayBuffer halafu basi.

---

#12 Mlinzi_wa_Tawi

Godot toleo gani? Kuanzia 4.0 hadi 4.2 toleo la kivinjari linatumia nyuzi za prosesa (kazi kadhaa zinazoendeshwa sambamba), na kivinjari hakiruhusu hilo mpaka seva itume vichwa maalumu. Kwenye mipangilio ya ukurasa wa itch kuna kisanduku cha "SharedArrayBuffer support", kiwekeeni alama. Kwa 4.3 na kuendelea mnaweza kutoa gemu bila nyuzi, tatizo linaisha lenyewe, na ndilo ninalopendekeza.

Kwa wa Unity, dada wa hitilafu hiyo ni "Unable to parse" ikifuatiwa na jina la faili lenye .br au .gz. Seva haijatambua ubanaji. Washeni "Decompression Fallback" mtoe upya. Na kutoa upya Unity si kazi ya dakika moja, hivyo muijue njia hiyo mapema.

Mengine ya itch kwa haraka: faili kuu iitwe `index.html` na ikae juu kabisa ndani ya zip, yaani mnabana vilivyomo kwenye folda, msibane folda yenyewe. Zip ikifunguliwa isizidi faili 1,000, jumla MB 500, na faili moja isizidi MB 200.

---

#13 Asha_Nukta16

Vitufe pia. Kwenye kivinjari Esc inatoa mtu kwenye skrini nzima, kwa hiyo kusimamisha gemu kuwe P. Na tafadhali msiweke kuchuchumaa kwenye Ctrl kama mwendo ni WASD: Ctrl na W pamoja zinafunga ukurasa, na gemu imekwenda nao.

---

#14 Babu_Fremu

Hahaa, hiyo ya Ctrl+W ni kweli kabisa. Na mwendo ufungwe kwa mahali pa kitufe kwenye kibodi, si herufi, kwa sababu kibodi za Ufaransa zina Z mahali pa W. Mishale nayo ifanye kazi.

---

#15 tunda_la_mwisho

Kura je? Jamu iliyopita niliona gemu nzuri ziko chini kabisa ya orodha.

---

#16 NahodhaWaNukta

Hazikupata kura za kutosha. Ludum Dare haikupi nafasi kwenye orodha kama hujafikisha kura 20. Itch inakata alama: inachukua idadi ya kura ya gemu iliyo katikati ya orodha, na wewe ukiwa chini yake, wastani wako unazidishwa kwa kipeuo cha pili cha uwiano. Mfano: katikati ni kura 20, wewe una 5, wastani wako 4.0. Kipeuo cha pili cha 5/20 ni 0.5. Alama yako inakuwa 2.0.

Kwa hiyo wiki ya kura ni kazi. Gawaneni: kila mtu acheze na kuzipigia kura gemu kumi, aache maoni yenye maana, na wengi watarudi kucheza yenu. Gemu ya kivinjari inapata kura nyingi kuliko ya kupakua, kwa sababu watu hawapendi kufungua programu ya mtu wasiyemjua. Ndiyo sababu nyingine ya kanuni ya saa ya nne.

---

#17 kodi_na_karanga

4.3 bila nyuzi imefunguka kwenye simu na laptopu zote. Swali la mwisho: tukikuta hitilafu dakika ishirini kabla ya kufunga, tunapandisha mpya au tunaacha?

---

#18 Mlinzi_wa_Tawi

Gemu iwe imeshawasilishwa kwenye jamu kabla ya hapo, angalau saa mbili kabla. Kupandisha itch peke yake hakuiingizi kwenye jamu. Kuna kitufe cha kuwasilisha kwenye ukurasa wa jamu, na gemu itoke kwenye rasimu iwe ya wazi. Fuateni saa ya kuhesabu nyuma iliyo kwenye ukurasa huo, msibadilishe majira kichwani.

Ikiwa imeshawasilishwa: zip ya zamani msiifute. Pandisheni mpya pembeni yake, hamisheni alama ya kuchezwa kwenye kivinjari, fungueni kwenye dirisha la faragha ili msione nakala iliyohifadhiwa, chezeni mpaka leveli ya pili. Ikifunguka, acheni hiyo. Isipofunguka, rudisheni alama kwenye ya zamani, na hitilafu iandikwe kwenye maelezo ya ukurasa pamoja na namna ya kuikwepa. Zikibaki dakika tano, msiguse kitu.